Nilivyojifunza Kutembea Lushoto kwa Kufuata Mifereji

Nina umri wa miaka 56, ninaishi Tanga mjini, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ya uhasibu imenikalisha kitini kutwa nzima. Daktari aliponiambia kwamba goti langu la kulia linahitaji mwendo na si mapumziko, nilianza kwa kutembea ufukweni asubuhi. Kwenye tambarare sikupata shida yoyote, nikajiona nimeiva. Agosti hiyo nilipanda basi pamoja na mpwa wangu, tukapita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, na kutoka hapo tukaifuata barabara ile yenye kona nyingi inayopitia Soni kwenda Lushoto, mji ulio mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari.

Safari ile ya kwanza iliharibika kwa kosa langu mwenyewe. Siku ya pili tulitembea hadi ukingo wa Irente, kama kilomita sita kutoka mjini, nami nilifika bila kuchoka sana. Hapo mlima unakatika ghafla na nyika yote inaonekana chini, pamoja na mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyopangwa kama mistari ya daftari. Nikasema, kwa kuwa kupanda kumekwisha, kilichobaki ni kuteremka tu, basi na tushuke kwa miguu hadi barabara kuu. Huo ni mteremko wa karibu mita 1,000. Kabla hatujafika nusu yake, goti lilikuwa limevimba na mapaja yalikuwa yakitetemeka kila nilipokanyaga jiwe, na siku mbili zilizofuata nililazimika kuteremka ngazi kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Baadaye nilielewa kilichonipata. Mtu anapopanda, misuli ya mapaja hujikunja ili kumsukuma juu, na kinachomlemea zaidi ni pumzi. Anapoteremka, misuli hiyohiyo hufanya kazi huku inanyooka ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoacha maumivu makali ya kesho yake na keshokutwa, achilia mbali uzito unaoliangukia goti katika kila hatua. Kuna kanuni maarufu ya kukadiria muda wa matembezi ya milimani, iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti William Naismith: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja ya ziada kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Ni kanuni nzuri, lakini haikutaja mteremko hata kidogo. Nadhani mwenyewe alikuwa na magoti mazima. Mimi sasa nautoza mteremko muda uleule ninaoutoza mpando, kisha naongeza nusu saa ya salamu, kwa sababu huku milimani hakuna anayempita mtu njiani kana kwamba amepita mti.

Niliporudi mwaka uliofuata niliacha kuuliza njia ya kufika kileleni. Nilimweleza kijana tuliyemwajiri kutuongoza kwamba nataka kutembea kwa muda wa saa nne bila kupanda kwa nguvu wala kuteremka kwa nguvu. Alinitazama, akafikiri kidogo, akasema, “Mama, basi twende na mfereji.”

Sikuwa nimewahi kuufikiria mfereji kama njia. Wakulima wa milima hii ya Usambara huchepusha maji ya mto mahali pa juu, kisha huyaongoza ubavuni mwa kilima hadi kwenye mashamba yao ya mboga. Kwa kuwa maji hayana budi kutembea polepole, yasije yakauchimbua udongo, mfereji huchimbwa kwa mteremko mdogo mno ambao jicho haliutambui. Unazunguka kila mkunjo wa kilima, unaingia kwenye kila kikorongo na kutoka upande wa pili, na kandokando yake pana kijia wanachopita wanaokwenda kuusafisha au kufungulia maji. Mtu aliyeuchimba, bila kunijua, alikuwa ameshanitafutia njia ambayo goti langu lingeikubali.

Tulitembea hivyo asubuhi nzima. Upande wa juu palikuwa na mahindi, migomba na mikaratusi. Upande wa chini, bonde lililogawanywa vipande vya kabichi, karoti na vitunguu, na mto ukipita katikati. Adabu za njia hiyo si nyingi, ila ni za lazima. Usikanyage ukingo uliolowa, kwa sababu hatua moja inaweza kuuvunja na maji yakamwagikia shamba la mtu. Ukimkuta mtu ameshika jembe, unasimama, unasalimu na kueleza unakokwenda. Nilifundishwa kusema “onga mshi”, salamu ya Kisambaa, na matamshi yangu ya Kitanga yalimchekesha kila niliyemsalimu, wakaishia kuniambia “shikamoo” ili kunipumzisha.

Mzee mmoja tuliyemkuta akipalilia alinionyesha matuta yaliyozuia udongo, yakiwa yamepandwa majani ya gwatemala kwenye kingo, ambayo hukatiwa ng’ombe. Hayo huyatunza kwa hiari yake. Matuta ya enzi za Waingereza yalikuwa na kisa kingine: mpango ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 uliwalazimisha watu kuyachimba kwa amri, kazi kubwa ikawaangukia wanawake, na chuki iliyozuka ikaufanya uachwe kabla ya uhuru. Nikiwa nimekaa juu ya mojawapo kunywa chai ya chupa, niliweza kuelewa pande zote mbili, maana kilima kile kisipozuiwa kitahamia mtoni, lakini jembe la kulazimishwa ni zito.

Mfereji nao una mwisho wake, na lazima mtu atoke bondeni. Hapo nilijiwekea utaratibu ambao wanaonijua waliucheka: napanda kwa miguu, nateremka kwa bodaboda. Katika mpando navuta hatua fupi, nakwenda kwa kupindapinda badala ya kuukabili mlima uso kwa uso, na nasimama kabla pumzi haijaniishia. Kuhusu mengine sina mengi ya kusema. Fimbo ni muhimu kuliko viatu vya bei, mradi soli ziwe na meno, kwa sababu udongo mwekundu wa huko ukipata mvua ni utelezi mtupu. Ndiyo maana siendi kati ya Machi na Mei. Juni hadi Agosti njia ni kavu, ila mtu wa pwani abebe sweta, kwani ukungu wa asubuhi huko si wa mchezo. Anayetaka kuingia msitu wa hifadhi wa Magamba alipe kiingilio na afuatane na mwongozaji.

Kufikia safari ya tatu niliweza kutembea siku nne mfululizo, kwa muda wa saa nne hadi tano kila siku, na asubuhi nikaamka nikiwa na uchovu wa kawaida tu. Siku ya mwisho tulirudi Irente. Nilikaa juu ya mwamba nikila mkate na jibini vya shamba la pale, nikaitafuta kwa macho njia iliyonitesa, nikaiona ikijipinda kuelekea Mazinde. Mpwa wangu, ambaye hakusahau jinsi alivyonibebea begi na karibu anibebe mwenyewe, aliniuliza kwa utani, “Mama mdogo, tushuke?” Nilimwelekeza kwa fimbo pale walipokuwa wameegesha vijana wa bodaboda, nikamwambia akapatane nao bei ya kurudi mjini.