Walioivamia Bastille na Walioandika Sheria

Kila ninaposoma habari za Mapinduzi ya Ufaransa, hujiuliza yalikuwa ya tabaka gani hasa. Tumezoea kusema kwamba wananchi waliupindua ufalme, na kauli hiyo inaficha mengi, kwa kuwa wananchi wenyewe hawakuwa kitu kimoja.

Mwezi Mei 1789, Mfalme Louis XVI alipoyakutanisha Versailles, penye kasri lake karibu na Paris, makundi matatu ya raia wake, yaani makasisi, makabaila na watu wa kawaida, wajumbe wengi wa kundi la tatu walikuwa wanasheria na maofisa, watu wenye elimu na mali walionyimwa vyeo vya juu kwa sababu ya nasaba zao. Walioivamia Bastille, ngome ya Paris iliyotumika kama gereza, tarehe 14 Julai walikuwa wengine kabisa: maseremala, mafundi wa kufuli, washona viatu na wenye maduka madogo, ambao ujira wao mwingi ulikuwa ukiishia kwenye mkate.

Linalonigusa zaidi ni la vijijini. Kiangazi kile wakulima waliyavamia majumba ya makabaila, na mara nyingi walitaka watolewe madaftari yaliyoandikwa ushuru waliodaiwa, wakayatia moto palepale, maana walijua kwamba deni lisilo na maandishi ni vigumu kulidai. Habari za moto huo ziliwatisha wajumbe, na usiku wa tarehe 4 Agosti wakatangaza kufuta upendeleo wa makabaila. Hata hivyo, ushuru mwingi wa ardhi uliendelea kudaiwa mpaka mkulima ajikomboe kwa fedha, na haukufutwa wote bila fidia hadi Julai 1793.

Mafundi nao walipata nini? Katiba ya 1791 ilimpa kura mwanamume aliyelipa kodi isiyopungua ujira wa siku tatu, na sheria ya Juni mwaka huohuo, inayojulikana kwa jina la mjumbe Le Chapelier, iliwakataza wafanyakazi kuungana ili wadai ujira bora. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi, kwa sababu bila mafundi wa Paris wajumbe hao wangetawanywa na askari wa mfalme mapema kabisa. Na wale wanawake waliokwenda Versailles kwa miguu, Oktoba 1789, wakidai mkate, wakarudi Paris na mfalme mwenyewe, hawakupewa kura kwa kiwango chochote cha kodi. Wanawake wa Ufaransa waliipata haki hiyo mwaka 1944.