Kitabu cha getini na Kifungu cha 31

Ingia jengo la ofisi Nairobi na mara nyingi mlinzi atakusogezea kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unaenda kwa nani, saa ngapi. Kabla hujashika kalamu umeshasoma za watu ishirini waliokutangulia. Mwenye nia mbaya hahitaji ujuzi wowote wa kompyuta hapo. Akipiga picha ukurasa mmoja ameondoka na wote. Na kitabu kikijaa kinapelekwa wapi? Muulize mlinzi uone.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilishaamua kwamba faragha ni haki ya kimsingi. Kifungu cha 31 kinamkinga mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, asichukuliwe vitu vyake, mawasiliano yake yasiingiliwe, na habari za familia au mambo yake ya kibinafsi zisiitishwe wala kufichuliwa bila ulazima. Uzito wote, kwa maoni yangu, uko katika hayo maneno mawili ya mwisho. Anayeitisha ndiye wa kueleza ulazima. Wale wa "kama huna la kuficha unaogopa nini" wanamhoji mtu asiyefaa kuhojiwa.

Si haki isiyogusika. Haimo kwenye orodha ya Kifungu cha 25 ya haki zisizoweza kupunguzwa kamwe, kwa hiyo sheria inaweza kuibana, mradi ipite kipimo cha Kifungu cha 24: kizuizi kiwe cha busara na chenye sababu ya kutosha. Serikali yenyewe ilikwama kwenye kipimo cha namna hiyo. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho, kukusanya DNA na vipimo vya GPS vya makazi ya watu. Oktoba 2021 ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa hakuna aliyefanya kwanza tathmini ya athari, yaani kupima hatari ambazo mpango huo ungeleta kwa data za watu. Utetezi kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilikuja baada ya watu kusajiliwa haukufua dafu.

Kwa mwananchi wa kawaida, hata hivyo, kero kubwa ni programu za mikopo. Ukiipakua, baadhi yake huomba ruhusa ya kusoma nambari zote ulizohifadhi. Ukichelewa kulipa, shemeji yako na bosi wako wanapigiwa simu. Hapa watu hukosea jambo moja: wanaifuta programu kwa hasira. Orodha huenda ilishanakiliwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, kwa hiyo kuifuta hakurudishi kitu, na wewe umepoteza ushahidi.

Anza na picha za skrini za ujumbe wote, tarehe na nambari iliyotuma zionekane. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, uifungie programu hiyo nambari zako, picha na mahali ulipo. Iandikie kampuni barua pepe (si simu, simu haiachi alama) ukitaka kujua wana nini kukuhusu. Wana siku 7 za kujibu. Ukidai data ifutwe, ni siku 14. Wakinyamaza, ukimya huo uambatanishe kwenye malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, inayosimamia sheria hiyo ya 2019. Kulalamika hakulipiwi, na uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 90.

Shemeji naye anaweza kulalamika kivyake, maana hakukopa wala hakukubali lolote. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni moja ya mikopo Sh2,975,000 kwa kutumia nambari za watu wa namna hiyo. Shule iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi ilitozwa Sh4,550,000, karibu na kilele cha faini, ambacho ni Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kidogo, ndiyo. Kwa kampuni kubwa hiyo ni bei ya gari.

Kuhusu getini, dawa ni rahisi: kila mgeni na karatasi yake, itumbukizwe kwenye kisanduku chenye kufuli, iandikwe jina na anayetembelewa basi, na iwekwe tarehe ya kuchomwa. Safu ya nambari ya kitambulisho ifutwe kabisa.