Vidonge, mchakamchaka, dua na daftari la miamala: nilivyotoka kwenye sonona

Nianze na kero maana bado zinaniuma. Mwaka jana nilipokuwa silali kila mtu alikuwa na tiba yake mkononi. Mwenye nyumba anasema oa. Washkaji wanasema twende tukapige mbili tatu utasahau. Shangazi ndo kabisaa, kuna mtu kaionea wivu biashara yangu. Biashara yenyewe kibanda cha uwakala wa kuweka na kutoa pesa huku Mbagala! Mteja anakuja kutoa elfu ishirini namkodolea macho kama sijui kaleta nini, saa 8 mchana nimeshafunga nimerudi kulala na usingizi wenyewe siupati.

Hospitali nilienda nikijua ni presha, moyo ulikuwa unaenda mbio. Presha haikuwepo. Dokta akanipa karatasi ya maswali 9, wiki 2 zilizopita umekosa hamu, umejiona hufai, mambo hayo. Lile la mwisho la kutaka kujidhuru nililijaza huku nimefunika karatasi na mkono, kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Jumla 17 kati ya 27. Akasema kaka, hii ni sonona, akanipa vidonge na akanipeleka kwa dada mmoja mshauri nasaha, akasisitiza dawa hii haifanyi kazi kesho, subiri wiki 2 mpaka 4, wengine hata zaidi.

Nikasubiri, mwezi wa pili nikaanza kuona afadhali kidogo, hapo ndo nikajitia mjuaji. Nikasikia kuna kituo wanatibu mwili, akili na roho kwa pamoja, nikaona hawa ndo wenyewe. Siku 7, laki mbili na ushee. Juisi ya majani asubuhi mchana jioni, chumvi marufuku, saa 10 alfajiri unamwagiwa maji ya baridi unaambiwa utamke nimetoka. Yule bwana akaviona vidonge vyangu, akasema hivi vinafunga roho, tupa. Na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikatupa!

Siku ya 4 nikawa nikigeuza macho tu nasikia kichwani zzt, kama shoti ya umeme, kizunguzungu, mara nalia mara nataka kupigana na ndoo. Namwambia, ananijibu hiyo ndo sumu inatoka. Siku ya 5 usiku nikaaga naenda chooni, nikapitiliza getini mpaka kwa muuza chipsi, nikaagiza chipsi mayai nikamwambia chumvi usinihurumie. Nilikula nimesimama, na kandambili mguu mmoja.

Dokta alinisema mpaka nikaangalia sakafu. Kumbe dawa hizi hazikatwi ghafla, zinapunguzwa taratibu na yeye mwenyewe. Tukaanza upya.

Sasa ujanja wenyewe, na hapa najisifu. Yule dada mshauri aliniambia niandike mawazo na ushahidi wake, nikaona aah, mambo ya shule. Siku moja nafunga hesabu ya float, ile pesa ya kufanyia miamala, nikashtuka, mbona hii kazi naifanya kila jioni? Nikachora kolamu. Kilichoingia: "mdogo wangu hapokei simu, kanichoka". Risiti: jana katuma voisi ya dakika 3, leo yuko zamu ya mchana. Salio: hajanichoka. Wazo lisilo na risiti silipi, hata liwe na sauti ya shangazi. Na mawazo yakija saa 4 asubuhi naandika neno moja tu nayaambia njooni saa 11 jioni, nina dakika 15 zenu. Yakifika saa 11 mengi hata sikumbuki yalitaka nini. Siku za mwanzo yalikuwa hayaelewi foleni, msikate tamaa.

Mwili, nilijiunga na jogging ya mtaani, Jumapili alfajiri mchakamchaka na nyimbo. Wiki ya kwanza bibi mmoja wa kama miaka 60 alinipita anaimba, mimi nahema kama daladala la zamani. Enajidrinki 3 kwa siku nimeacha, ndo zilikuwa zinanikesha halafu nasingizia wachawi.

Kwa shehe nilienda kwa woga, nikijua naye atasema nitupe. Akaniambia kijana, dawa ni sababu, mponyaji ni Mungu, we meza na swala ya alfajiri uje. Tena ukimaliza usikimbilie nyumbani, kaa barazani na wazee upate kahawa. Kikombe kimoja na kashata, nasikiliza wanavyobishana Simba na Yanga, nafungua kibanda nimeshaongea na watu.

Mwezi uliopita nimejaza tena ile karatasi, 6. Vidonge naendelea, dokta kasema kupata nafuu siyo ruhusa ya kuacha, tutapunguza wakati ukifika. Daftari la kwanza limejaa, nimenunua lingine la kwaya 2, elfu 3 sijui 4 vile.