Jioni tuliyochagua maikrokontrola ya drili, Kamalondo

Mwaka 2021, katika karakana ya Kamalondo, Lubumbashi, ambako nilikuwa fundi wa vyombo vya umeme, maseremala na wajenzi walituletea drili za betri zenye kasoro ileile: mota nzima, gia nzima, betri nzima, lakini kadi, yaani bamba la sakiti inayoendesha mota, imeungua. Kadi hizo hazikuuzwa mjini, na mtu aliyeweka akiba ya dola kwa miezi ili anunue drili alikuwa akiambiwa anunue nyingine. Jambo hilo lilituuma. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Papa, aliamua tuchore kadi yetu wenyewe, na Jumamosi moja alituketisha mimi na mwenzangu, aliyenitangulia katika Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ili tuamue ni maikrokontrola gani, yaani chipu ndogo inayotekeleza programu, itakayoiongoza kadi hiyo.

Mota za drili hizo hazina brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zina nyaya tatu, na kadi huzipelekea umeme kwa zamu kupitia transista sita za mosfeti, ambazo ni swichi za kielektroniki, mbili kwa kila waya, moja ya upande chanya wa betri na nyingine ya upande hasi. Kwa kuwa drili huanza kuzunguka ikiwa tayari imebeba mzigo, wakati mota iliyosimama haitoi volti yoyote ya kuonyesha rota, ile sehemu inayozunguka, iko wapi, zimewekwa sensa tatu za Hall, zinazohisi sumaku, za kutoa habari hiyo. Mota yenye jozi mbili za ncha za sumaku, ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, huhitaji zamu zibadilishwe mara 4,000 kwa sekunde, yaani kila baada ya mikrosekunde 250.

Mwenzangu alianzia hapo. Kabatini tulikuwa na ATmega328P, maikrokontrola ya biti 8 yenye kasi ya megahezi 16. "Mdogo wangu," aliniambia, "katika mikrosekunde 250 hii inamaliza kazi yake na muda unabaki. Mteja tumwongezee gharama ya nini?" Kuhusu kasi alisema kweli, na gharama nayo haikuwa jambo dogo, maana mwaka ule uhaba wa chipu ulikuwa umeenea duniani na bei za maikrokontrola za biti 32 zilikuwa zimepanda mno. Papa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hadi leo ndilo ninaloanza nalo kila ninapochagua chipu ya kuendesha mota: "Drili ikikwama ndani ya zege, nani anakata umeme?"

Tulilipigia hesabu palepale. Betri ya seli tano za lithiamu ikijaa hutoa volti 21. Induktansi ya mota tuliyoipima, yaani kiasi ambacho koili zake huzuia mkondo usipande ghafla, ilikuwa takriban mikrohenri 40, na mota ikisimama hakuna volti ya kupinga betri, hivyo mkondo hupanda kama nusu ampea kwa kila mikrosekunde. Transista zikiwashwa na kuzimwa mara 20,000 kwa sekunde, duru moja ni mikrosekunde 50, na ndani ya duru hiyo moja mkondo unaweza kuongezeka kwa ampea 25. Programu inayosubiri kipimo, ikasoma namba, ikalinganisha, ndipo ikaamua, huja wakati kikomo cha mkondo kimekwisha kuvukwa. Tena ipo hatari kubwa zaidi: transista mbili za waya mmoja zikipitisha umeme kwa pamoja, betri huwa imeunganishwa chanya kwa hasi bila mota katikati. Kwa hiyo kati ya kuzima moja na kuwasha ya pili lazima pawe na pengo, na mimi sikukubali pengo hilo liachiwe programu.

"Yaya," nilimwambia, kama sisi wa Lubumbashi tunavyomwita mkubwa wetu, "ATmega328P haina taima, ile saa ya ndani ya chipu, inayoweka pengo hilo yenyewe, wala haina mlango wa dharura wa kuzima transista zote sita bila programu kuulizwa." STM32G431 niliyoipendekeza, maikrokontrola ya biti 32, inavyo vyote viwili, na ndani yake mna vikuza ishara vitatu na vilinganishi vinne. Sikuitaka kwa ajili ya megahezi zake 170. Niliitaka kwa sababu kipingamizi cha kupimia mkondo, cha milioomu 1, kikipitiwa na ampea 60 hutoa milivolti 60 tu, na chipu hiyo inaweza kuikuza ishara hiyo ndogo, kuilinganisha na kikomo na kuzima mota ndani ya mikrosekunde chache hata kama programu imeganda.

Mwenzangu, ambaye hakuwa mtu wa kung'ang'ania hoja iliyokwisha, alileta nyingine nzuri: STSPIN32F0, ambayo ndani ya ganda moja ina kiini cha kutekeleza programu, Cortex-M0 cha megahezi 48, pamoja na sakiti za kuendeshea transista zote sita, na huvumilia umeme wa betri hadi volti 45. Kiwanda kinacholehemu kwa mashine kingefanya vema kuichukua. Lakini ganda lake halina miguu, na sisi tulitaka kadi ambayo fundi wa Katuba au wa Likasi anaweza kung'oa chipu yake na kuirudisha kwa chuma cha kawaida cha kulehemia.

Papa aliuliza pia kuhusu betri inayosahauliwa ndani ya drili. Kadi inayokula miliampea 5 usiku na mchana huimaliza betri ya saa-ampea 2 kwa siku kama 17, na seli ya lithiamu ikiteremka chini ya volti 2.5 huharibika. Chipu inayolala kwa mikroampea ilikuwa sharti, na STM32G431 ililitimiza.

Jioni tulibana mhimili wa mota kwenye jiriwa, tukaunganisha kadi ya majaribio yenye STM32G431 na kuvuta kifyatulio. Kwenye oskiloskopu, chombo kinachochora umeme kwenye skrini, mkondo ulipanda, ukakatwa kwenye kikomo, ukapanda tena katika duru iliyofuata, ukakatwa palepale. Transista zilibaki na joto ambalo kidole kinavumilia. Nilifurahi kupita ninavyoweza kueleza. Papa alitaka kujua kama programu iliyopotea njia inaweza kulibadilisha pengo lile, nami nikamwonyesha kufuli la taima: likishafungwa, mpangilio haubadiliki mpaka chipu iwashwe upya.

Muuzaji hakuwa na STM32G431 ya miguu 48, kwa hiyo tuliihesabu ile ya miguu 32: sita ya transista, mitatu ya sensa za Hall, na mingine ya mkondo, kifyatulio, joto, volti ya betri, swichi ya mwelekeo na taa. Ilitosha, na miwili ya kupakia programu ikabaki. Papa alitoa fedha za oda usiku uleule.