Nilivyomvalisha Manka, msichana wa kigothi anayeishi Moshi

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: mvalishe nyeusi kuanzia juu mpaka chini, mtundike msalaba mkubwa kifuani, mpake poda nyeupe usoni, basi, umemaliza. Aliyenipa ni mwandishi mwenzangu, mtu mzima ninayemheshimu, na mpaka leo ushauri ule unaniudhi. Manka, mhusika wa kitabu ninachoandika, ana miaka 19, anaishi kwa bibi yake Kiboriloni na anasoma chuo hapa mjini Moshi. Msichana wa hali hiyo haendi tu kununua nguo nyeusi. Anapata kimoja leo, kingine mwezi ujao, kwa hela aliyoibana kwenye nauli. Nilitaka mtu wa Moshi akisoma aseme, huyu nimeshamwona stendi.

Nilianzia kule mtindo ulikotoka. Ugothi, yaani mtindo wa vijana wa mavazi meusi na muziki wa majonzi, ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye muziki uliofuata baada ya panki, ile roki ya kasi na fujo, kwa bendi kama Bauhaus na Siouxsie and the Banshees. Mwaka 1982 ikafunguliwa London klabu iliyoitwa Batcave, na vijana wake ndio waliofanya mavazi yale yajulikane. Mengine waliyarithi kwa Waingereza wa kale. Malkia Victoria alifiwa na mumewe Albert mwaka 1861, akavaa nyeusi ya msiba mpaka alipokufa mwaka 1901. Huko ndiko zilikotoka lesi, kola za kubana shingo, safu ndefu za vifungo na mapambo ya mawe meusi.

Lakini lililonipa nguvu ni jingine. Wale vijana wa mwanzo hawakuwa na duka la kuingia na kutoka wamekamilika. Walichambua nguo kuukuu kwenye maduka ya hisani, yanayouza vitu ambavyo watu wametoa bure, wakakata, wakatoboa, wakaunganisha. Na nguo ambazo maduka hayo ya Uingereza yanashindwa kuziuza, nyingi hufungwa mabelo zikaletwa huku kwetu. Manka akiinama juu ya lundo pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, anachambua mzigo wa aina ileile waliouchambua wao. Tangu nilipoliona hilo, hakuna aliyeweza kuniambia kwamba mhusika wangu hawezi kuwepo Moshi.

Nikaenda Memorial asubuhi, siku ya mzigo mpya. Nikamwambia muuzaji natafuta nyeusi zenye lesi. Akashusha sauti: "Pole sana, dada. Mmefiwa?" Swali lile niliingiza kitabuni lilivyo, maana Kilimanjaro binti akivaa nyeusi tupu siku ya kazi atapewa pole na watu asiowajua. Ikabidi nitafute kinachomtofautisha na mfiwa. Jibu lilikuwa palepale kwenye lundo: nyeusi za mtumba hazifanani. Moja imepaukia kwenye kahawia, nyingine imeelekea kijani, nyingine bado mpya tii. Mfiwa huvaa nyeusi moja iliyokamilika. Manka anavaa nne kwa pamoja, kila moja na umri wake.

Kwenye kutia rangi nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nilipompata hasa. Nyeusi yenye lesi ni adimu, lakini magauni meupe ya harusi yamejaa. Nikachukua moja lenye mikono ya lesi kwa bei ya kuokota, haikufika elfu kumi, na shati jeupe la pamba la mikono mirefu. Muuza rangi akaniapia: "Dada, hii inashika kitu chochote, hata turubai." Nikabandika sufuria la shughuli kwenye kuni nyuma ya nyumba. Maji yakachemka, rangi ikaingia, chumvi nikamimina kwa konzi, nguo zikazama, nikakoroga kwa mwiko mpaka mabega yakauma. Mama jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza, "Shoga, unapika sabuni?"

Nikatoa, nikasuuza. Shati lilikuwa jeusi la kutisha, zuri ajabu. Gauni lilikuwa na rangi ya majivu yaliyochanganyika na zambarau, na zipu yake bado nyeupe pee. Nikaongeza rangi, nikachemsha upya, kuni zikaisha. Majivu yaleyale.

Nikalipeleka kwa fundi cherehani anayekaa barazani jirani na kwangu. Hakusema kitu. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la gauni, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha punje ngumu inayogonga ukucha. Akachomoa uzi kwenye kitambaa cha shati, akawasha tena. Huo uliungua kama karatasi, ukaacha jivu laini linalopeperuka. "Hii ni polista, dada, jamii ya plastiki. Rangi uliyonunua ni ya pamba." Kisha akaligeuza shati nje ndani, akanionyesha nisichokuwa nimekiona: mishono yote ilikuwa imebaki myeupe. Kitambaa kilikuwa pamba, lakini uzi wa kushonea ulikuwa polista, nao ulikuwa umeikataa rangi.

Niliruka kwa furaha barazani pale. Shati jeusi lenye mishono myeupe kila ukingo! Kitu cha namna hiyo hukibuni ukiwa umekaa mezani. Manka sasa hutembea na kiberiti kwenye mkoba. Kabla hajataja bei anachomoa uzi na kuuchoma mbele ya muuzaji, na wauzaji wamemzoea. Waliosoma rasimu wanaanza na kiberiti hicho kabla ya kutaja kitu kingine. Lile gauni fundi alilikata likawa sketi ya magotini, na rangi yake ya majivu nikaiacha.

Ukitia rangi nyumbani, jua kwamba nguo itachuja. Ioshe peke yake, igeuze ndani nje, ianike kivulini, la sivyo jua la huku linaipausha mapema. Manka hakuyajua hayo mwanzoni, akaloweka pamoja na gauni jeupe la bibi la kanisani. Sura nzima ya tatu imetoka kwenye beseni hilo.

Mtu mwingine alinishikilia kwamba gothi bila mahameli si gothi. Sawa. Binti wa dada yangu alikubali kunivalia gauni la mahameli la kufika kwenye vifundo vya miguu, na koti refu juu yake, tukatoka Memorial kuelekea Double Road mchana wa Februari. Moshi iko kama mita 900 tu juu ya usawa wa bahari, na Februari joto halina huruma. Hatukufika mbali kabla mikono ya gauni haijakunjwa. Mgongoni jasho likakauka na kuacha mistari myeupe ya chumvi, na juu ya nyeusi mistari hiyo huonekana kuliko kwenye rangi yoyote. Bodaboda akagoma kuwasha pikipiki: "Sista, kusanya hilo gauni lote mkononi, litaingia kwenye cheni." Nilikuwa naandika njia nzima, kila anachofanya na kila anachoambiwa. Huo ndio ujanja ninaojivunia kuliko wote: nguo ya mhusika mvalishe mtu, mtoe barabarani, wewe ufuate nyuma na daftari.

Siku ile nikampangia Manka nguo kwa msimu. Joto likiwa kali anavaa lile shati akiwa amelikata mikono, sketi ya majivu na soksi za wavu. Masika kila kitu kinaishia juu ya tope. Mahameli inangoja Juni na Julai, wingu linapokaa juu ya mlima na watu wanatoa masweta. Koti analo, na ana hamu ya kulivaa, kwa hiyo anatafuta kila kisingizio cha kwenda Arusha, kilomita kama 80 tu, ambako kuna baridi zaidi.

Poda nyeupe nilikataa kabisa. Barabara za kutoka Arusha kwenda Monduli unawakuta vijana wa Kimasai waliotoka kutahiriwa, wamevaa nyeusi, nyuso zimechorwa kwa rangi nyeupe. Msomaji wa kaskazini akiona nyeusi na uso mweupe anawaona wao, na mavazi yale yana wenyewe na maana yake. Asipowaona wao atafikiria mkorogo. Manka anapaka wanja mzito, lipstiki ya zambarau iliyoiva na kucha nyeusi. Ngozi yake nyeusi inatosha.

Na msalaba? Bibi yake ni Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni. Mjukuu hawezi kuvaa msalaba shingoni kama pambo akala chakula kwenye nyumba ile, na mimi simwandiki awe mjinga. Anavaa mnyororo uliong'olewa kwenye mkoba mbovu, na pete za rangi ya fedha. Dhahabu hapana.

Koti la jeshi nalo nililikataa, ingawa magothi wengi wa nje huvaa. Hapa raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ lilitangaza wananchi wazisalimishe. Manka angeishia kituoni.

Zilibaki buti. Dr. Martens mpya, zile buti nzito wanazozipenda magothi, ni chakula chake cha muhula mzima, kwa hiyo nilimtafutia buti nyeusi za kiwandani, za mtumba, zenye chuma mbele. Fundi viatu alibadilisha soli, akazipiga kiwi mpaka zikang'aa. Zilimzidi binti wa dada namba mbili, tukajaza soksi, akajaribu kutembea. Mguu ulianza kuinuka juu kidogo kabla ya kusonga mbele, na kisigino kikagonga sakafu kwa kuchelewa. Nikarudi nyumbani kurekebisha kila mahali nilipokuwa nimeandika tu kwamba Manka alitembea.