Bujumbura karibu, Dar mbali: hesabu ya umri wa rubani

Kutoka Kigoma hadi Bujumbura kwa ndege hazifiki kilomita 200. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam zinazidi 1,000. Ila kwenye kanuni ya umri wa marubani, hiyo ndefu ni safari ya ndani na hiyo fupi ni ya kimataifa, na ubishi wote wa kama rubani wa ndege za biashara aachie usukani akiwa na miaka 65 au 67 umesimama hapo mpakani.

Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa usafiri wa anga kati ya nchi, kinasema hivi: nchi isimruhusu rubani iliyempa leseni kurusha ndege ya biashara ya kimataifa akishatimiza miaka 60, au 65 kama ndege inarushwa na marubani zaidi ya mmoja. Ndani ya mipaka yake kila nchi inajiamulia. Japani iliwasogezea marubani wake hadi 67 mwaka 2015. Australia na Kanada hazikuweka namba kabisa, zinaangalia afya na uwezo.

Watu wakibishana kuhusu jambo hili huku kwetu huchanganya na umri wa kustaafu wa mtumishi wa umma, ule wa 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Ni mambo mawili. Kanuni hiyo, inayosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, haigusi pensheni ya mtu. Rubani wa miaka 66 anaweza kubaki na leseni, akafundisha kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, akarusha ndege yake mwenyewe. Anachozuiwa ni kuvuka mpaka na abiria au mizigo ya kulipiwa.

Namba yenyewe ina historia isiyo safi sana. Marekani iliweka 60 mwishoni mwa 1959, ikaanza kutumika Machi 1960. Kabla ya hapo C. R. Smith, mkuu wa American Airlines, alikuwa amemwandikia Elwood Quesada wa mamlaka ya anga akiomba msaada kuhusu marubani wakongwe aliotaka waondoke, wakati ndege za jeti zinaingia na kufundisha upya ni gharama. Quesada alipotoka serikalini mwaka 1961 aliingia kwenye bodi ya kampuni hiyohiyo. Anayeamini 60 ilitoka hospitali, na alisome hilo kwanza. ICAO ilipanda hadi 65 Novemba 2006, kwa sharti kwamba rubani mwenzake wa aliyevuka 60 awe chini ya 60. Marekani ikafuata Desemba 2007. Sharti la mwenzake likaondolewa Novemba 2014. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha 67, lakini sheria iliyotoka 2024 ikabaki na 65. Kisha 2025, kwenye mkutano mkuu wa ICAO mjini Montreal, IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilipeleka pendekezo la 67, mmoja wa marubani awe chini ya 65. Halikupita.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni moyo. Basi tuangalie matukio. Juni 1972 ndege ya Trident ilianguka Staines, Uingereza, watu 118 wakafa. Kapteni alikuwa na ugonjwa wa moyo, umri wake 51. Juni 2009 kapteni wa Continental aliyekuwa akitoka Brussels kwenda Newark alifia angani, miaka 60. Oktoba 2015 kapteni wa American Airlines, 57. Oktoba 2024 kapteni wa Turkish Airlines akitoka Seattle, 59. Hakuna hata mmoja aliyefika 65. Lakini usikimbilie kusema basi wazee ni salama: wa juu ya 65 hawaruki safari hizo, kwa hiyo hawawezi kuonekana kwenye orodha. Somo la matukio haya liko kwingine. Safari tatu za mwisho zilitua salama kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine kwenye usukani.

Na huyo mtu mwingine ana utaratibu. Chukua ndege ya abiria ya Dash 8 Q400 iliyotoka Kigoma kuelekea mashariki. Rubani msaidizi anasoma orodha ya ukaguzi, kapteni hajibu. Anamwita mara ya pili. Kimya. Hapo hasubiri ya tatu: anatamka kwamba usukani ni wake, anahakikisha otopailoti imeshika, anaangalia mwinuko na kasi. Ndipo anamwita mhudumu wa abiria. Mhudumu anamvuta mgonjwa mabega nyuma, anafunga mkanda wa mabega ujikaze, kisha wanarudisha kiti nyuma. Hatua hii hukosewa sana mazoezini, kwa sababu mtu anashughulikia mgonjwa kabla ya ndege. Mwili uliolegea ukiangukia usukani au miguu ikikandamiza pedali, ndege inapigana na otopailoti. Baada ya hapo ni Mayday, yaani wito wa hatari redioni, na uwanja wa karibu unaofaa. Kigoma na Tabora zimeachana kwa kilomita kama 350, yaani dakika arobaini hivi kwa ndege hiyo. Ukiwa umefika katikati, uamuzi wa kurudi au kuendelea unategemea hali ya hewa ya pande zote mbili na mafuta, na unaufanya peke yako.

Madaktari wa anga wamezoea kipimo kinachoitwa kanuni ya asilimia moja: rubani anayeruka na mwenzake anakubalika ikiwa uwezekano wa kuzidiwa ghafla ni asilimia 1 kwa mwaka au chini yake. Ili kufika hapo kuna cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachodumu miezi 12, na ukishavuka 60 kinakuwa miezi 6. Kipimo cha umeme wa moyo ni kila mwaka baada ya 50. Usikivu hupimwa kila miaka miwili baada ya 40, na usipungue zaidi ya desibeli 35 kwenye sauti za masafa ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala zaidi ya 50 kwenye 3,000. Tatizo ni kwamba kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umelala kitandani hakioni mshipa ulioziba nusu. Kuongeza umri bila kuongeza kipimo cha moyo ukiwa kwenye mazoezi ni kubadilisha namba kwenye karatasi tu.

Macho ndiyo yanayosumbua mapema kuliko moyo, na hayasemwi sana. Mbali, kila jicho linatakiwa 6/9, yaani lione kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9, na yote mawili pamoja 6/6, kwa miwani au bila. Karibu, usome herufi ndogo za ukubwa wa N5 kwenye sentimita 30 hadi 50, na kubwa zaidi za N14 kwenye mita moja. Miwani ya kusomea ya kawaida haikubaliki, maana ukiinua macho nje unaona ukungu. Inatakiwa yenye sehemu mbili, au tatu. Na hapa fundi wa miwani asiyejua kazi ya urubani hukosea: anaweka sehemu ya kusomea chini, kumbe paneli ya swichi iko juu ya kichwa. Rubani anainua kidevu hadi shingo inauma, au anabonyeza swichi ya jirani. Dawa yake ni kipande kingine cha kusomea juu ya lenzi. Miwani ya akiba lazima iwe ndani ya ndege, mahali mkono unafika.

Usiku ni tabu nyingine. Mboni ya mzee hupanuka kidogo, lenzi huwa ya manjano, mwanga unaofika ndani unapungua. Ukikaribia uwanja ulio ukingoni mwa ziwa, giza tupu chini na taa za njia ya kurukia mbele, jicho la yeyote linadanganywa kwamba uko juu mno, unashuka chini kuliko unavyopaswa. Jicho hafifu linachelewa zaidi kugundua. Atakayemwokoa ni mwenye kutazama vipimo na kutaja mwinuko kwa sauti, akiwa na miaka 30 au 66.

Kuhusu akili: watafiti wa Stanford waliwapima marubani 118 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kwenye simuleta na kuchapisha matokeo 2007. Wenye ujuzi wa juu walishuka taratibu kuliko wengine. Ndiyo maana ukaguzi wa simuleta mara mbili kwa mwaka una maana kuliko keki ya siku ya kuzaliwa, mradi mkaguzi asiwe rafiki yake wa miaka ishirini.

Vijana wanalalamika kwamba kapteni akibaki miaka miwili, wa chini yake wote wanasubiri miaka miwili. Ni kweli. Tena nchi moja ikipandisha peke yake, kapteni wa safari ndefu anafika 65, hawezi kuvuka mpaka, anashushwa kwenye ndege ya njia za ndani ambayo hana kibali cha aina yake. Anarudishwa darasani na kwenye simuleta, anakalia nafasi ya mwanafunzi, kwa kazi isiyozidi miaka miwili. Kwa hiyo 67 ije kwa nchi zote pamoja, kwa ndege za marubani wawili, mmoja akiwa chini ya 65, na vipimo vikali zaidi. Hapo naikubali.

Ile 60 ya rubani mmoja isiguswe. Ndege ndogo ya Cessna Caravan, kama ile inayoshusha watalii Mahale, imeidhinishwa kurushwa na mtu mmoja, na kwenye kiti cha kulia cha Caravan anaweza kukaa abiria.