Nilivyopata miaka ya mwanzo ya kanisa letu la kijijini

Baraza la wazee liliponipa kazi ya kuandika historia ya kanisa letu la AIC (Africa Inland Church), huku mwambao wa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, daftari la zamani la ubatizo lilikuwa limeliwa na mchwa. Kurasa zilizosalia zinaanzia baada ya uhuru. Yaliyotangulia yalikuwa vichwani mwa watu, na watu hao wamebaki wachache.

Chimbuko letu linajulikana. Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) walifungua kituo Nassa, kando ya ghuba hii hii, mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa AIM (Africa Inland Mission), misheni iliyozaa AIC. Waumini wa kwanza wa kijijini kwetu walikuwa wakienda huko kwa miguu. Lakini walianza lini kusali hapa hapa? Kila mzee alinitajia mwaka wake, na hakuna aliyekuwa tayari kuuacha.

Nikaacha kuuliza mwaka. Nilikwenda kwa bibi mmoja, mjane wa mwinjilisti, nikamwamkia, nikakaa naye tukichambua dagaa. Kisha nikamwuliza: "Bibi, watu walipoanza kusali pale chini ya mkuyu, ulikuwa umeshaolewa?"

"Bado, mjukuu wangu. Nilikuwa nachunga ndama wa baba. Sadaka ilikuwa pamba. Tukishauza kule ushirika, baba anatoa fungu la Mungu kwanza, ndipo tunanunuliwa nguo."

"Na mtoto wako wa kwanza?"

"Huyo alizaliwa ziwa lilipopanda. Tulikuwa tumeshahama na kanisa lenyewe."

Hapo nilipata mipaka miwili. Ushirika wa pamba ulishika kasi Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za kiongozi wa ushirika Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Victoria Federation. Ziwa nalo lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Kwa hiyo ibada za mkuyuni ni za miaka ya 1950. Wazee wengine niliowauliza kwa njia hiyo hiyo, kwa ndoa, watoto na mifugo yao, waliangukia mle mle.

Ziwa hilo hilo lilimaliza ugomvi wa muda mrefu kuhusu mahali kanisa la kwanza liliposimama. Kundi moja lilionyesha ufukweni, jingine kwenye mwinuko wenye mawe. Nilipopanga masimulizi kwa mfuatano, wote walikuwa sahihi. Kanisa la udongo na nyasi lilikuwa chini, maji yakalichukua, wakajenga la pili juu. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa kando ya barabara, na kanisa likawafuata. Hili tunalosalia leo ni la tatu. Nilipowaeleza wazee waliokuwa wakivutana, mmoja alimshika mwenzake mkono, akasema, "Kumbe mimi nilibatizwa enzi za lile la chini, wewe la juu."

Orodha niliyokabidhiwa mwanzoni ilikuwa na majina ya wainjilisti tu, wote wanaume. Sikukubali iende hivyo. Waliokanda udongo, waliokata nyasi, waliochota maji ya kukandia kuta mara zote tatu ni akina mama, na ndio waliokumbuka nani alihama lini na nani alizikwa wapi. Majina yao nimeyaweka kwenye sura ya kwanza kabisa. Mzee mmoja alipinga. Mchungaji akasimama upande wangu.

Palipobaki na kauli mbili, hasa kuhusu nani alitangulia kubatizwa ziwani, nimeandika zote mbili na kutaja ukoo uliosimulia kila moja. Nakala moja iko kwenye sanduku la bati la kanisa, nyingine kwenye ofisi ya pastoreti, yaani eneo la mchungaji. Sasa naendelea na habari za kwaya kuanzia 1974, na wengi walioiimbia bado wapo, wanahojika.